Fundi Nijibu: chipu imelala, sa betri inaliwa na nani?

Mwangaluka wasomaji. Mwezi huu meseji zimeingia nyingi na karibu zote zinalia kitu kimoja, betri. Sishangai, huku kwetu vifaa vingi watu wanaviweka sehemu ambazo hamna umeme wa kuchomeka, kwenye vizimba, visiwani, juu ya tenki, na kupanda mtumbwi kwenda kubadilisha betri moja tu ni adhabu. Swali la kwanza nimelijibu kwa urefu maana lina karibu kila ugonjwa ndani yake, hayo mengine nitapita haraka.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Igombe, namsaidia kaka angu kwenye vizimba vya sato. Nimetengeneza kifaa cha kupima joto la maji na maji yamechafuka kiasi gani, kila dakika 10 kinaamka, kinasoma, kinatuma kwa redio mpaka nchi kavu, kinalala. Nimetumia mikrokontrola (chipu inayoendesha kifaa) ya ATmega328P tupu sio bodi nzima, kwa hiyo hamna taa ya pawa wala chipu ya USB, regileta ni MCP1700 ya volti 3.3. Joto napima na thamista (resista inayobadilika na joto) ya kilo-omu 10 ikiwa na resista ya kilo-omu 10, uchafu wa maji napima na LED na fotodayodi inayopita kwenye LM358 (op-amp, chipu ya kukuza ishara), na betri yenyewe naipima kwa resista mbili za kilo-omu 10. Betri ni 18650 ya laptop mbovu, nilivyoipima ina kama 1500 mAh. Redio inakula miliampia 100 kwa kama milisekunde 60. Nimeandika usingizi ule wa chini kabisa lakini haijawahi kumaliza miezi miwili, inakata. Multimita inaonyesha miliampia 1.2 kikiwa kimelala. Kaka anasema tununue betri kubwa. Tununue?
Kijana wa vizimba, Igombe

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msinunue kitu kwanza, na pole kwa makasia.

Hesabu yako haidanganyi. Miliampia 1.2 mara masaa 24 ni kama mAh 29 kwa siku, 1500 ukigawa kwa 29 unapata siku 52, ni wiki saba na kidogo, ndo maana hufiki miezi miwili. Sa angalia upande wa kazi yenyewe, kuamka kila dakika 10 ni mara 144 kwa siku, redio ikila 100 kwa milisekunde 60 kila mara, siku nzima ni robo ya mAh, robo! Yaani kifaa chako kinatumia 29 kikiwa hakifanyi kitu na robo kikiwa kinafanya kazi. Ni kama mlinzi kalala kibandani alafu taa zote za nyumba zinawaka na Luku inashuka.

Kosa ni moja na tumelifanya karibu wote, tunadhani ukimlaza mikrokontrola kila kitu kimelala. Usingizi ule wa chini unasimamisha saa ya chipu, yale mapigo yanayoiendesha, na mambo ya dijitali bila saa yanatulia kweli, hayali kitu cha maana. Analogi haihitaji saa ili kula umeme. Komparata (kilinganishi cha volteji), rejea ya volteji (ya kulinganishia), ADC (inayogeuza volteji kuwa namba), op-amp, resista iliyounganishwa kati ya umeme na gnd (hasi), hivi vyote vinapitisha umeme muda wote ambao vimeunganishwa, viwe vinasoma au havisomi. Kwa hiyo lazima uvizime kimoja kimoja kwa mkono wako.

Tutafute hizo 1.2 zimeenda wapi. LM358 kwanza, hiyo hata ikikaa tu inakula zaidi ya nusu miliampia, weka 0.6. Divaida ya betri, yaani zile resista mbili za kuipimia, volti 4 juu ya kilo-omu 20 ni maikroampia 200. Thamista na resista yake, 3.3 juu ya 20 ni 165. ADC ya ndani ambayo hujaizima ni kati ya 200 na 300. Jumlisha, unaiona 1.2 yako hiyo hapo, hamna mchawi.

Tuanze na ADC maana hapa ndo mi mwenyewe niliumia. Kuna rejista (sehemu ya mipangilio ndani ya chipu) inaitwa ADCSRA, ndani yake kuna biti ADEN, ukiiweka sifuri ADC inazimika. Alafu kuna rejista nyingine PRR yenye biti PRADC ambayo inakata saa ya ADC. Watu wengi wanaona PRR, wanasoma kwamba ni ya kupunguza pawa, wanaiandika ya kwanza. Usifanye hivyo! PRR inagandisha kitu jinsi kilivyo. Kama ADC ilikuwa imewaka wakati unakata saa yake inaganda ikiwa imewaka, na ukijaribu kuandika ADEN baada ya hapo haisikii tena. Mi nilifanya hivi kwenye kifaa kimoja kule Luchelele, nikawa nabadilisha betri tu na kumlaumu aliyeniuzia, nikamwambia betri zako feki, kumbe mistari miwili kwenye programu yangu imepishana. Nilirudi kumwomba radhi na soda nikamnunulia. Kwa hiyo ADEN iende sifuri kwanza, ndo uje PRADC, ndo ulale. Ukiamka unarudi kinyume, PRADC kwanza alafu ADEN.

Ukishaiwasha upya, usomaji wa kwanza unachukua mizunguko 25 ya saa ya ADC badala ya 13, ni kawaida, inajipanga. Usome mara moja utupe, ya pili ndo ushike. Na usiogope kusoma mara nyingi ukatafuta wastani, saa ya ADC ikiwa kilohezi 125 usomaji mmoja ni maikrosekunde 104, ukisoma mara 8 hujafika hata milisekunde moja. Kinachokumaliza ni kama umeweka ile amri ya kusubiri, delay(500), "ili sensa itulie" (sensa hii, sio ya kuhesabu watu), hapo chipu nzima iko macho nusu sekunde haifanyi kitu.

Komparata ya analogi. Hii inakuja ikiwa imewaka tangu kiwandani, na biti yake ACD ni ya kinyume, unaweka 1 ili kuzima. Kwenye usingizi wa chini kabisa chipu inaizima yenyewe, isipokuwa kama uliiunganisha na rejea ya ndani, hapo rejea inabaki inawaka na kula. We huitumii, izime mwanzoni mwa programu, usahau. Kuna na kile kilinzi cha volteji kushuka, BOD, kinakula kama maikroampia 20, nacho kwenye 328P unaweza kukizima kwa programu pale tu unapolala na kinarudi chenyewe ukiamka. Usikizime moja kwa moja, betri ikishuka chipu inaanza kufanya mambo ya ajabu, inaweza hata kuharibu kumbukumbu ya ndani ya chipu.

Sasa thamista. Kwa nini umeiunganisha na umeme muda wote wakati unaisoma kila dakika 10? Toa upande wa juu kwenye volti 3.3, upeleke kwenye pini ya dijitali. Ukitaka kusoma weka pini juu, subiri kidogo, soma, shusha pini. Maikroampia 165 kwa pini ni kitu kidogo sana, itashusha milivolti chache tu. Na ukishusha pini, pande zote mbili zinakuwa kwenye sifuri, hamna kinachopita. Acha rejea ya ADC iwe ile ile 3.3 inayolisha thamista, hapo hata regileta ikicheza kidogo jibu halibadiliki maana unapima uwiano, na huhitaji kuwasha rejea ya ndani wala kusubiri kapasita ya pini ya rejea, AREF, ijae.

LM358 mi ningeitoa kabisa. Kwa volti 3.3 haiwezi hata kupanda mpaka volti 2 kwenye kutoa, sa unapima nini? Weka MCP6001, inakula maikroampia 100 hivi na inafika karibu mwisho juu na chini. Nayo ilishe kutoka kwenye pini ya dijitali kama thamista, unaiwasha pamoja na LED, unasubiri milisekunde moja mbili, unasoma, unazima. Ila chunguza usiwe umewasha pulapu ya ndani (resista inayovuta pini juu) kwenye pini ya analogi, op-amp ikiwa imezimwa ile pulapu inaanza kusukuma umeme kwa nyuma, inaingia kwenye mlango wa kutokea, na unaweza kupoteza maikroampia 100 hivi hivi ukabaki unatafuta.

Divaida ya betri ndo inawachanganya watu. Huwezi kuilisha na pini maana betri iko juu ya volti 3.3 ya chipu. Wengine wanaweka mosfeti (swichi ya kielektroniki) ya aina ya P, lakini geti yake (mguu wa kuiwasha na kuizima) ukiiendesha moja kwa moja na pini ya 3.3 wakati betri iko 4.2, haizimiki vizuri, inabidi uongeze transista nyingine, mambo yanakuwa mengi. Njia rahisi, weka resista mbili za mega-omu 1. Inabaki maikroampia 2 tu. Utasema ADC inataka chanzo kisichozidi kilo-omu 10, kweli, ndo maana unaweka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini kwenda gnd. Kapasita inajaa polepole kipindi chote umelala, ukifika kusoma ADC inachota tone moja, volteji haishuki kitu cha kuonekana. Lakini usichanganye njia mbili! Ukiweka mega-omu NA swichi ya kuzima, kila ukiwasha unasubiri kapasita ijae, kilo-omu 500 mara nanofaradi 100 ni milisekunde 50, na inataka kama mara tano ya hiyo ndo itulie, robo sekunde chipu iko macho kwa ajili ya kupima betri ambayo haijabadilika tangu jana. Chagua moja, resista kubwa ziwake daima na kapasita, au resista ndogo zenye swichi.

Ila resista za mega-omu zina balaa lake hapa ziwani. Mabaki ya dawa ya lehemu, unyevu wa asubuhi, na wale wadudu wa ziwani wakiingia kwenye boksi wakafia juu ya bodi, vyote vinapitisha umeme kidogo, na kwa resista kubwa kidogo hicho kinaonekana, utasoma betri imeshuka kumbe bodi chafu. Safisha na spiriti na mswaki, ikauke, alafu pitishia rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya hizo njia. Mke wangu analalamika chupa zake zinaisha, lakini inafanya kazi.

Na kitu kimoja kidogo, pini ya analogi ikikaa kwenye volteji ya katikati, kama hiyo ya betri inayokaa volti 2, mlango wa dijitali wa pini hiyo hiyo unashindwa kuamua ni sifuri au moja na unakula umeme kwa kubabaika. Ukilala usingizi wa chini milango hiyo inafungwa, lakini ukiwa macho, au ukiwa umeweka pini hiyo iamshe chipu, inabaki wazi. Rejista DIDR0 inaifunga moja kwa moja. Kama chipu yako ina pini A6 na A7, kwenye hizo huna shida hiyo, hazina mlango wa dijitali kabisa.

Baada ya hayo yote utabaki na chipu na saa yake ya kuamsha kama maikroampia 5 (hiyo saa mwisho wake ni sekunde 8, kwa hiyo utaamka mara 75 kufikisha dakika 10, usijali, ni kufumba na kufumbua), divaida 2, regileta 1.6. Weka 10 kwa ubishi. Ni robo ya mAh kwa siku, pamoja na redio ni nusu. Kutoka 29. Hapo betri ya laptop itakufa kwa uzee wake kabla hujaimaliza. Mwambie kaka hela ya betri anunue chakula cha samaki.

SWALI: Fundi habari. Nipo Nansio, tuna tenki la maji na nimeweka mikrokontrola ya ESP32 na kipimo cha kina cha aina ya miliampia 4 mpaka 20, kinahitaji volti 24 kwa hiyo nina kikibodi (bodi ndogo) cha kupandisha volti kutoka kwenye betri ya 3.7. ESP32 inalala usingizi mzito kati ya vipimo lakini betri kubwa inaisha siku chache. Nimeambiwa ESP32 ndo mbaya.
Dada wa maji, Ukerewe

JIBU: Salama dada. ESP32 haina kosa kubwa hapa, chipu yenyewe kwenye usingizi mzito ni kama maikroampia 10. Bodi ndo ina taa na regileta na chipu ya USB ambavyo havilali, hivyo ni vya kuondoa au ununue bodi iliyotengenezwa kwa betri. Ila mlaji wako mkuu ni hicho kipimo. Jina lake linakwambia, 4 mpaka 20, maana yake hata tenki likiwa tupu kabisa kinavuta 4, ndo lugha yake, sifuri kwake inamaanisha waya umekatika. Na hiyo 4 ni kwa volti 24, ukiirudisha kwenye betri ya 3.7 ni kama miliampia 26 kabla ya kikibodi kuchukua kamisheni yake. Tenki likijaa zidisha mara tano.

Zima kikibodi chote, sio kipimo peke yake. Kama kina pini ya kuwasha na kuzima itumie, kama hakina weka mosfeti upande wa betri. Ukiamka washa, subiri muda ambao datashiti ya kipimo inasema, soma, zima. Tenki halijai kwa sekunde moja, kila robo saa inatosha kabisa. Na resista ya kusomea (inayogeuza miliampia kuwa volteji) iunganishe kwenye ADC1, ile ADC2 ya ESP32 inagombana na waifai. Tafuta thamani ya resista itakayokuweka katikati, ESP32 kule juu na kule chini kabisa inasoma vibaya.

SWALI: Mkuu, nipo chuo hapa Nyegezi, natumia mikrokontrola ya STM32. Mwalimu anasema pini zote nisizotumia niziweke kwenye modi ya analogi ili kuokoa pawa. We kila siku unasema analogi inakula. Nani mkweli?
Mwanafunzi mbishi

JIBU: Wote, mbishi wangu. Kwenye STM32 kuweka pini modi ya analogi hakuwashi ADC, kunafunga ule mlango wa dijitali niliomweleza kijana wa Igombe, wenye Schmitt trigger (kinachoamua sifuri au moja). Pini inayoelea hewani bila mlango kufungwa inababaika na kula umeme. Kwa hiyo mwalimu yuko sawa, msikilize. Lakini ADC yenyewe ni habari nyingine, kwenye familia kama L4 inaanza ikiwa kwenye usingizi wake wa ndani kabisa, ukishaianzisha inaamsha na regileta yake, na ukimaliza kusoma regileta hairudi kulala yenyewe. Uifunge ADC kabisa kabla ya kulala. Mikrokontrola za MSP430 G2553 zina uungwana kidogo, ADC yake inajizima kati ya usomaji, ila rejea ya ndani ukiiwasha na biti REFON inabaki inakula robo ya miliampia mpaka uiambie basi.

SWALI: Fundi unaongea maikroampia kama vile sote tuna maabara. Multimita yangu ya Makoroboi nikiiweka kwenye maikro kifaa kinajizima redio ikiwaka. Napimaje?
Fundi simu, Buzuruga

JIBU: Hahaha, mi pia multimita yangu ni ya huko huko. Kinachotokea ni kwamba kwenye renji ya maikro ndani kuna resista kubwa, kifaa kikilala sawa, redio ikivuta miliampia 100 volteji yote inabaki kwenye multimita na kifaa kinazima. Weka dayodi 1N4007 sambamba na multimita, ielekee njia ya umeme. Kikilala volteji ni ndogo dayodi inakaa kimya na unasoma vizuri, redio ikiwaka umeme unapita kwenye dayodi na unapoteza volti 0.7 au zaidi kidogo, betri ikiwa imejaa kinavumilia.

Ila njia ninayoipenda mi haihitaji hata renji ya maikro. Chukua kapasita ya maikrofaradi 1000, iweke sambamba na betri, acha ijae dakika kadhaa, alafu kifaa kikishalala toa betri, kiishi kwa kapasita peke yake, na we unaangalia volteji inavyoshuka huku umeshika saa ya simu. Kikila maikroampia 10, volteji inashuka nusu volti kwa sekunde 50. Kikila miliampia 1.2 kama cha kijana wa Igombe, nusu volti inapotea kabla hata hujasoma namba. Kapasita yenyewe inavuja kidogo na multimita inakunywa kidogo, kwa hiyo fanya jaribio moja bila kifaa kwanza, upate kiasi cha kutoa. Alafu chomoa kitu kimoja kimoja, thamista, op-amp, divaida, rudia kila mara, pale namba itakaporuka ndo umempata. Wabeja.